Kwa nini rafu ya vitabu vipya haina kitabu kipya unachokitafuta

Swali: Nina kadi ya maktaba na huwa naenda mara kwa mara. Rafu iliyoandikwa "Vipya" naikuta na vitabu ambavyo vingi sijapata kuvisikia, na vile vinavyozungumzwa na watu sivioni kamwe. Filamu ndiyo kabisa: nikiulizia ya karibuni naambiwa bado haijaja. Je, ni maktaba yangu tu, au kuna namna ya kutafuta nisiyoijua?

Jibu:

Namna ipo, na maktaba yako pengine haina kosa. Kazi yangu ni ukutubi, na sehemu kubwa nimeifanya upande wa kuagiza vitabu na kuviingiza kwenye katalogi, yaani orodha ya kila kilichomo maktabani. Swali lako tunaulizwa kaunta karibu kila siku, ila wengi huliuliza kwa kunung'unika tu huku wanatoka mlangoni.

Ukweli ni kwamba kitabu kipya chenye watu wanaokitaka hakifiki rafuni. Kinatoka kwenye meza ya matayarisho kinaingia mikononi mwa aliyejiandikisha wa kwanza. Kikirudi kinakwenda kwa wa pili, na hivyo hivyo mpaka foleni iishe. Kwa riwaya inayovuma foleni hiyo inaweza kula miezi. Unachokiona kwenye rafu ya "Vipya" ni vile ambavyo hakuna aliyeviwekea nafasi. Si vibaya, na nitarudi kwavyo, lakini ukisimama mbele ya rafu hiyo ukitafuta kitabu kinachotajwa kila mahali utarudi mikono mitupu.

Kwa hiyo lazima uingie kwenye foleni, na uingie kabla kitabu hakijafika. Hapa inafaa ujue kinachotokea nyuma ya kaunta. Maktaba nyingi huagiza vitabu mapema kutoka orodha za wachapishaji, mara nyingine miezi kadhaa kabla ya siku ya kutoka. Mara oda inapowekwa, rekodi fupi ya kitabu huingizwa kwenye katalogi: jina, mwandishi, mchapishaji, na mbele yake neno kama "kimeagizwa". Boksi likifika, linafunguliwa na kila kitabu kinalinganishwa na hati ya oda. Kinapigwa mhuri, kinabandikwa msimbo wa mistari ndani na lebo ya namba mgongoni, jalada linavishwa plastiki, na mtu anakaa kukamilisha rekodi yake. Wakati huo katalogi inaonyesha "kinashughulikiwa". Siku ya mwisho msimbo unapitishwa kwenye mashine, na kama kuna aliyeomba, kompyuta inatoa kikaratasi chenye namba ya kadi yake. Kikaratasi kinachomekwa kitabuni, na kitabu kinakwenda kwenye rafu ya wanaosubiri. Hakikukaa kwenye rafu ya "Vipya" hata dakika moja.

Katika maktaba nyingi unaweza kuweka nafasi tangu kitabu kikiwa "kimeagizwa". Wasomaji wachache wanalijua hilo, na hao wachache ndio unaowaona kila mara wakitoka na kitabu cha wiki hii.

Utajuaje kilichoagizwa? Fungua katalogi, tafuta neno pana kama "riwaya", kisha ubadilishe mpangilio wa matokeo. Katalogi nyingi huanza kupanga kwa jinsi jambo linavyolingana na ulichoandika. Hiyo haikusaidii. Chagua tarehe ya kuingizwa kwenye katalogi, kipya kwanza. Usiridhike na mwaka wa kuchapishwa, kwa sababu huo una mtego. Kitabu cha zamani kikichapwa upya kwa jalada jipya kinaweza kuonyesha mwaka huu, na kitabu cha mwaka juzi kilichonunuliwa jana kitaonekana kimepitwa. Ukiwa na kitabu mkononi, fungua ukurasa ulio nyuma ya ule wa jina. Humo mna haki za uchapishaji, mwaka wa toleo la kwanza, na mara nyingi mstari wa tarakimu, tuseme 10 9 8 7 6 5 4 3. Tarakimu ndogo kuliko zote ndiyo chapa uliyoishika. Hapo ni chapa ya tatu. Kama kuna 1, umeshika chapa ya kwanza.

Namna nyingine ya kuwatangulia wenzako ni kufuata orodha za awali za tuzo badala ya kusubiri mshindi. Tuzo ya Booker, ya riwaya za Kiingereza, hutangaza kwanza orodha ndefu, kwa kawaida ya vitabu 12 au 13, kisha orodha fupi ya sita, kisha mshindi. Usiku wa mshindi foleni inaruka. Siku ya orodha ndefu bado unaweza kuwa wa tatu. Ipo pia Booker ya Kimataifa, ambayo tangu 2016 hutolewa kila mwaka kwa kitabu kimoja kilichotafsiriwa, na pauni 50,000 zake hugawanywa sawa kwa sawa kati ya mwandishi na mtafsiri. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo orodha yenye manufaa zaidi kwa msomaji wa maktaba, maana vitabu vyake mara nyingi vinanunuliwa nakala moja moja na havina kelele. Kwa Kiswahili kuna Tuzo ya Safal-Cornell ya Fasihi ya Afrika, iliyoanzishwa 2014 ikiitwa Mabati-Cornell. Ifuate, ukaiulizie maktaba yako vitabu vyake kwa jina. Tuzo ya Nobel ya Fasihi ni tofauti: hutangazwa Oktoba na haina orodha ya awali, kwa hiyo siku hiyo wote mnaanza mbio pamoja.

Nobel ya 2021 ilikwenda kwa Abdulrazak Gurnah, na kupitia kwake nataka nikuonyeshe jambo ambalo wasomaji wa Kiswahili hulikosa. Riwaya yake Paradise ilitoka 1994. Tafsiri yake ya Kiswahili, Peponi, kazi ya Ida Hadjivayanis, ilitoka 2022. Kwa anayesoma Kiswahili hicho ni kitabu kipya kabisa, ingawa hadithi ina karibu miaka 30. Sasa, utakipata wapi katika maktaba inayotumia mfumo wa Dewey, ule unaopanga vitabu rafuni kwa namba za masomo? Fasihi ya Kiswahili katika mfumo huo ina namba 896.392, na riwaya na hadithi zake ni 896.3923. Unakwenda hapo, unapitisha macho, hakipo. Si lazima kiwe kimeazimwa. Kanuni ya Dewey inaweka kazi ya fasihi pamoja na lugha iliyoandikwa kwanza, si lugha iliyotafsiriwa. Paradise iliandikwa kwa Kiingereza, na hadithi za Kiingereza ni 823. Kwa hiyo Peponi inaweza kuwa imesimama kati ya vitabu vya Kiingereza, mahali ambapo msomaji wa Kiswahili hapiti. Maktaba nyingine zimekataa usumbufu huo na kuweka vitabu vya kila lugha mahali pake, au kupanga riwaya zote kwa jina la ukoo la mwandishi, na mimi nawaunga mkono. Lakini usibahatishe. Kwenye katalogi kuna kichujio cha lugha. Chagua Kiswahili, panga kwa tarehe ya kuingizwa, na utaona kila kilichoingia popote kilipowekwa. Ukikuta rekodi ina alama "swa", hiyo ndiyo alama ya Kiswahili kwenye rekodi za maktaba.

Fanya hivyo leo, kabla ya kusoma ushauri wangu mwingine wote. Wengi hushangaa kuona kwamba maktaba yao ilikuwa na vitabu vya Kiswahili wasivyovijua.

Kitabu kikiwa hakimo kabisa kwenye katalogi, pendekeza kinunuliwe. Karibu kila maktaba ina fomu ya kupendekeza, na sisi tunaoagiza huzisoma kwa sababu zinatupunguzia kubahatisha. Fomu inayosema "leteni vitabu vizuri vya historia" haina la kufanyiwa. Inayotaja jina, mwandishi, mchapishaji na namba ya ISBN inaweza kugeuzwa oda siku hiyohiyo. ISBN ni ile namba ya tarakimu 13 iliyo juu ya msimbo wa mistari nyuma ya jalada, inayoanza na 978 au 979. Kabla ya 2007 ilikuwa tarakimu 10, kwa hiyo kitabu cha zamani kinaweza kuwa na ile fupi. Inatuambia ni toleo gani hasa unalotaka: jalada jepesi au gumu, tafsiri au asili. Maktaba nyingi humweka aliyependekeza wa kwanza kwenye foleni. Uliza kama yako ina utaratibu huo.

Kuazima kutoka maktaba nyingine ni njia ya mwisho kwa kitabu kipya. Ni njia nzuri mno kwa cha zamani, lakini maktaba nyingi hazitoi kitabu kipya nje wakati wanachama wake wenyewe bado wanapanga foleni.

Sasa filamu. Hapa nitakuwa mkweli kuliko kaunta walivyokuwa: nyingine hazitakuja. Filamu ya sinema hupita kwanza kwenye kumbi, halafu kwenye huduma za kulipia nyumbani, na diski hufuata baadaye. Maktaba inanunua diski ikitoka. Lakini filamu nyingi zinazotengenezwa na huduma za mtandaoni kwa ajili ya wateja wake hazitolewi kwenye diski, na kisichouzwa kwa diski maktaba haiwezi kukinunua kwa diski, hata mkijaza fomu mia. Ukiambiwa "bado", uliza swali la pili: imetolewa kwenye diski au haijatolewa? Ikiwa imetolewa, weka nafasi. Ikiwa haijatolewa, acha kuisubiri hapo.

Zipo huduma za filamu ambazo maktaba hulipia na mwanachama anaingia kwa namba ya kadi yake. Kanopy, iliyoanzia Australia mwaka 2008, ni mojawapo. Kwa vitabu pepe na vitabu vya kusikiliza ipo Libby. Kama maktaba yako imejiunga na huduma ya aina hii, huenda unayo tayari na hukuambiwa. Fahamu tu kwamba mali ya kidijitali haifanani na kitabu cha karatasi. Kitabu cha karatasi kikinunuliwa ni cha maktaba mpaka kichakae. Kitabu pepe mara nyingi ni leseni, na leseni ina mwisho. Mwaka 2011 mchapishaji HarperCollins aliweka kikomo cha kuazimwa mara 26 kwa kila leseni, wakutubi wakapiga kelele sana. Leseni nyingine huisha baada ya muda, kwa mfano miaka miwili. Halafu leseni ya kawaida humruhusu msomaji mmoja kwa wakati mmoja, ndiyo maana unakuta foleni ya watu kwa faili ambalo hata halichukui nafasi. Inaudhi, najua. Kwa hiyo ukiona kitabu pepe unachokitaka kipo wazi, kichukue, maana mwezi ujao leseni inaweza kuwa imekwisha na kitabu kimeondoka kwenye orodha.

Ila kama unaitumia maktaba kutafuta filamu zilizotoka juzi tu, unaitumia kwa kitu isichokiweza. Nguvu yake iko kwingine: filamu za hali halisi, filamu za matamasha ambazo hazikupita kumbi nyingi, na zile za zamani zilizorekebishwa. Hizi za mwisho ndizo ninazozipenda kupita zote. Filamu ya utepe huchakaa, rangi hupauka, sauti hukwaruza, na nakala za mwisho hupotea. World Cinema Project, mradi ulioanzishwa na mwongozaji wa Marekani Martin Scorsese mwaka 2007, huzitafuta nakala hizo na kuzirudisha katika hali yake. Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty wa Senegal, ya mwaka 1973, ilirekebishwa 2008. Mwaka 2017 mradi huo ulishirikiana na shirikisho la watengenezaji filamu wa Afrika, FEPACI, pamoja na UNESCO, kuanza kazi maalumu ya kuokoa filamu za Afrika. Filamu iliyokuwa haionekani popote kwa miaka 40, leo ikakaa kwenye diski safi yenye manukuu, kwangu hiyo ni mpya kuliko sehemu ya saba ya filamu ya mapigano. Kwenye katalogi tafuta neno "iliyorekebishwa" kwa lugha ya katalogi yako, au andika jina la mwongozaji mmoja unayempenda kisha ubonyeze jina hilo kwenye rekodi. Itakuletea kila alichoshiriki, pamoja na vile alivyoandika mswada tu.

Filamu za hali halisi usizitafute kwenye rafu ya filamu pekee. Baadhi ya maktaba huzipanga kwa namba ya somo, pamoja na vitabu. Filamu kuhusu volkano itakuwa 551.21, ubavuni mwa vitabu vya volkano, na anayepekua sehemu ya filamu hataiona kamwe. Vitabu kuhusu filamu zenyewe viko 791.43, humo ndimo utakamopata majina ya kuandika kwenye kisanduku cha kutafutia.

Na kabla ya kubeba diski geuza kasha. Nyuma, chini, kuna picha ndogo ya dunia yenye tarakimu. Hiyo ni kanda, yaani eneo la dunia ambalo DVD hiyo ilitengenezewa. 1 ni Marekani na Kanada, 2 ni Ulaya na Japani pamoja na nchi nyingine, 5 ni sehemu kubwa ya Afrika, India na Urusi. 0 au neno ALL maana yake itachezwa popote. Diski za Blu-ray zina herufi A, B na C badala ya tarakimu. Mashine iliyofungiwa kanda moja itaikataa diski ya kanda nyingine, na hapo mtu hurudisha akisema diski mbovu. Karibu na picha hiyo pana orodha ya lugha za sauti na za manukuu. Isome.

Nilisema nitarudi kwa rafu ya "Vipya". Iliyobaki hapo mara nyingi ni riwaya za kwanza za waandishi wasiojulikana, tafsiri, mashairi, vitabu vya mashirika madogo ya uchapishaji. Mtu aliyeviagiza alikuwa na sababu, maana bajeti haimruhusu kununua ovyo. Chukua kimoja usichokijua kila unapokwenda, soma kurasa 30, kikikushinda rudisha. Hakuna anayekudai kukimaliza. Na tukitafuta vya kuondoa rafuni, maana kila kipya kinahitaji nafasi, jambo mojawapo tunaloliangalia ni mara ngapi kitabu kimeazimwa. Kwa hiyo ukikichukua na kukirudisha bila kukimaliza, bado umekiongezea muda wa kukaa.

Bora kuliko rafu hiyo ni toroli la vilivyorudishwa. Vitabu vilivyotoka mikononi mwa watu leo, havijapangwa, vimechanganyika somo na riwaya na filamu. Katika maktaba zinazoruhusu kulipekua, mimi huanzia hapo, hata nikiwa mgeni. Kinachosubiriwa na mtu kimeshaondolewa. Kilichobaki ni kitu ambacho binadamu mwingine alikichagua na sasa kiko huru.

Ukimwendea mkutubi, usimwambie "nipe kitabu kizuri". Mwambie kitabu cha mwisho ulichokipenda, na hasa kile ulichokiacha katikati na kwa nini. "Nilikiacha kwa sababu kilikuwa na watu wengi mno" hutupa mwanga kuliko sifa kumi. Mwambie pia una muda gani.

La mwisho ni la foleni yenyewe. Ukiweka nafasi kwa vitabu sita, usishangae vinne vikifika wiki moja. Hilo hutokea mno. Katalogi nyingi zina kitufe cha kusimamisha ombi kwa muda bila kupoteza nafasi yako: wenye kuwa tayari wanakupita, wewe unabaki mbele. Kitumie. Na ukipata ujumbe kwamba kitabu kimefika, angalia tarehe ya mwisho ya kukichukua. Siku zikipita, kinakwenda kwa anayefuata, na wewe unaanza upya nyuma. Kama umebadili nia, futa ombi mwenyewe mapema, ili kisikae bure kwenye rafu ya wanaosubiri.